Usiniandikie Tena Habari za Barafu

Kuopio, Finland
14 Desemba 1997

Mpendwa Shangazi Mektrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Jovin na ng'ombe wetu mkorofi. Mimi sijambo, ila mafua yamenikalia kooni wiki ya pili sasa. Masomo yanakwenda. Profesa alisifu ripoti ya kundi letu kuhusu maji ya visima, nami nikajisifu kimoyomoyo, maana nusu ya ripoti ile niliiandika mimi. Chakula nimekizoea, isipokuwa samaki wa chumvi wanayemla akiwa mbichi. Jua la huku sasa linachomoza saa tatu na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Hujasoma vibaya, ndivyo ilivyo.

Sasa sikiliza nikueleze yaliyonikuta Jumamosi. Nilikuambia kwamba mji huu umezungukwa na ziwa, na kwamba nyumba ninayokaa iko kando ya maji kabisa. Basi ziwa limeganda. Simaanishi kwamba limekuwa baridi, namaanisha limekuwa sakafu. Mama mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka sabini hivi, aliniambia twende dukani. Nikavaa, nikatoka, nikaelekea barabarani kama siku zote. Yeye akaelekea ziwani. Alikuwa na kitu kama kiti chenye vyuma viwili virefu chini yake, unasimama nyuma yake na kusukuma kwa mguu mmoja, nacho kinateleza. Akaweka kikapu kwenye kiti, akasukuma, akaondoka juu ya maji.

Shangazi, nilibaki ufukweni nimeganda kama ziwa lenyewe. Nilivua kofia, nikafanya ishara ya msalaba, na ndipo nikaona kwamba huko mbele kuna watu wengi. Kuna watoto wanacheza na viatu vyenye visu chini yake, wanazunguka kama pia. Kuna baba anamvuta mwanawe kwenye ubao. Kuna mbwa. Wote wako juu ya maji, na hakuna hata mmoja anayeomba. Nikakanyaga. Nilitembea kama mtu aliyechelewa misa akapita mbele ya padri. Katikati barafu ikatoa mlio mrefu chini ya miguu yangu, nikapiga magoti. Mama mwenye nyumba akageuka akasema huo mlio ni mzuri, maana yake barafu inanenepa. Tulinunua mkate na maziwa tukarudi kwa njia ileile.

Jovin hajaniandikia tangu nilipoondoka Agosti. Mwambie aniambie mtihani wa kidato cha tatu umekwendaje. Unajua nilivyomwahidi Baba siku zile za mwisho, kwamba Jovin atamaliza kidato cha nne hata mimi nikikosa shati. Wewe ulikuwapo, umeshika taa. Nikiwa mbali hivi, hilo ndilo linaloninyima raha.

Mwanao,
Thadeus

*

Kilema
6 Januari 1998

Mwanangu Thadeus,

Marahaba, baba. Barua yako imefika juzi, imelowa pembe moja. Mvua hizi wanazoziita El Niño hazijatuacha tangu Oktoba. Mfereji umebomoka mara mbili, barabara ya kushuka Moshi imekatika, na watu wa Dar waliokuja Krismasi walitembea kwa miguu sehemu ya mwisho, wameshika viatu vya madukani mkononi. Ilikuwa raha kuwaona. Walifika wote. Tulichinja, tukanywa mbege, na mbuzi wa ndafu alibanikwa vizuri kuliko mwaka jana. Nafasi yako tuliiacha wazi kwenye benchi, ila baadaye mjomba mmoja mnene akaikalia.

Kahawa imeharibika, buni zimeanguka kabla ya kuiva. Wanunuzi wapya wanapita na magari yao wanaangalia miti, wanaondoka. Tusizungumze kahawa.

Sasa mimi nikuulize wewe, bwana afya, uliyesomeshwa ukaajiriwa kufundisha watu kuchemsha maji. Nani alikutuma kutembea juu ya ziwa? Nilimsomea jirani yetu Mama Evelyn barua yako, akaniambia niisome tena, akafunga kanga vizuri akasema wamekuroga. Mimi sikusema hivyo. Mimi nasema maji ni maji. Mtu akizaliwa Kilema, akapona surua, akapona malaria ya Kahe, akavuka bahari kwa ndege, halafu akaenda kuzama chini ya barafu akinunua mkate, watu wa kijiji hiki watanicheka hata kaburini. Na huyo mama wa miaka sabini hana watoto wa kumkataza? Nani anayelipima hilo ziwa asubuhi na kusema leo pitieni? Nijibu hilo.

Jovin ni mzima. Amerefuka na mabega yamepanuka, humtambui. Anakusalimu. Kuandika si tabia yake, unamjua.

Mimi magoti yananisumbua kwa unyevu. Kwaya tumepata mwalimu mpya anayetaka tuimbe haraka haraka kama tunakimbilia chakula.

Mungu akulinde, na wewe ujilinde pia.

Shangazi yako,
Mektrida

*

Kuopio
1 Februari 1998

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ndafu alikuwa mzuri, na nimesikitika kwa benchi. Pole kwa magoti, yakande kwa maji ya moto asubuhi kabla ya kwenda kwenye mifugo. Hapa mafua yameisha. Nimefaulu mitihani yote mitatu.

Kuhusu swali lako, barafu hupimwa. Kuna mzee jirani, fundi mstaafu, anatoboa kwa keekee ndefu inayofika kiunoni, anaingiza fimbo yenye alama, halafu anatangaza. Sasa unene umepita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Magari yanapita juu yake. Nimeona gari la kuleta kuni likipita juu ya ziwa, Shangazi, dereva anavuta sigara.

Mzee huyo amenifanya rafiki yake. Jumamosi ananichukua kuvua. Anatoboa tundu dogo, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashusha mshipi na ndoana ndogo, na tunakaa hapo muda wa saa tatu bila kusema neno. Nilidhani amenikasirikia. Kumbe ndiyo starehe yenyewe. Katikati ya kimya anamimina kahawa kutoka kwenye chupa. Watu hawa wanakunywa kahawa mara saba kwa siku, na sisi tunaopanda tunakunywa chai.

Linalofuata lisome ukiwa umekaa. Kando ya ufuko wamekata shimo kubwa kwenye barafu, la kutosha watu wawili, na ngazi inashuka ndani. Wanakaa kwenye chumba cha mvuke mpaka wanatokwa jasho kama wachinjaji, halafu wanatoka nje karibu uchi na kuingia kwenye shimo lile. Wazee, wanawake, mwalimu wa hesabu. Wanaingia, wanahesabu mpaka kumi, wanatoka wanacheka. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne niliingia. Shangazi, niliita jina la Baba, kisha jina lako, kisha maneno ya Kichagga ambayo sitayaandika. Nilipotoka nilikuwa mwekundu mahali ambapo mtu mweusi hawezi kuwa mwekundu. Lakini nakwambia kweli, usiku ule nililala kama mtoto.

Si yote yalikuwa kicheko. Wiki iliyopita tukiwa kwenye uvuvi buti langu lilikuwa limeingiza maji, nami kwa aibu sikusema. Baada ya muda vidole vyangu vya mguu viliacha kuuma, nikashukuru. Mzee alipoona nimetulia mno alilivua buti kwa nguvu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vyeupe kama mshumaa. Akanifanyia kitu ambacho sikukitegemea, na ambacho kwetu tungekifanya kinyume kabisa. Mimi, bwana afya, sikukijua. Nitakueleza ukitaka.

Hukunijibu kuhusu mtihani wa Jovin. Je, yuko shule? Mwambie kaka yake anauliza.

Mwanao,
Thadeus

*

Kilema
24 Februari 1998

Mwanangu Thadeus,

Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa dume. Mvua imepungua. Hongera kwa mitihani, nimetoa shukrani kanisani.

Barua yako nimeisoma mpaka mahali pa shimo, nikaiweka chini. Jioni nikaichukua nikaimaliza, na sikupaswa kuimaliza. Thadeus, mimi ndiye niliyekuogesha. Mwili huo unaoutumbukiza kwenye barafu mbele ya mwalimu wa hesabu ni mimi niliyeufunika blanketi mama yako alipofariki. Sasa unaniandikia habari za vidole vyeupe kama mshumaa, na unaniuliza kama nataka kuelezwa zaidi.

Sitaki. Usiniandikie tena habari za barafu. Wala theluji, wala baridi, wala mguu wa mtu yeyote uliokufa ganzi. Nimekuwa sili vizuri. Nikifumba macho naona weupe tu. Kama huna lingine la kuandika, niandikie salamu peke yake, zitanitosha. Nakuomba kama shangazi yako, na kama hilo halitoshi nakuamuru.

Jovin ana afya na anakula vizuri.

Shangazi yako,
Mektrida

*

Kuopio
22 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini nanyi wazima.

Nilikuwa nimeamua kukutii, na barua niliyoianza ilikuwa ya salamu tupu. Nimeichana. Hii ninaiandika nikikandamiza kalamu, na ukiona wino umemwagika usidhani ni baridi.

Jana ilikuwa sikukuu yao ya kuaga majira ya baridi. Jua sasa linakaa muda mrefu, na watu wote wa ufukweni wanatoka ziwani. Wengine wana mbao ndefu miguuni wanavuka mpaka kisiwani, watoto wanateleza kwenye kilima cha theluji, na katikati ya ziwa wamewasha moto kwenye sinia la chuma wanachoma soseji. Walinipa kiti. Nilikuwa nimefurahi, Shangazi, nikuambie hivyo kwanza. Mama mmoja wa kile kikundi cha kuogelea kwenye shimo, muuza maua, akaja na bahasha ya picha. Alikuwa ameambiwa natoka Moshi. Akasema alipanda Kilimanjaro mwezi wa kwanza, akataka nione nyumbani.

Picha ya kwanza ilikuwa ya geti la Marangu. Ya pili msitu. Ya tatu ilikuwa kambi ya Horombo, na theluji imeanguka mpaka kwenye vibanda, na wagumu wa kubeba mizigo ya wageni wamepangwa mstari na mizigo yao. Wa nne kutoka kushoto amevaa koti la kahawia lenye kifungo kimoja cheupe. Kifungo hicho ulikishona wewe, kwa sababu cha kahawia hakikupatikana. Ni koti la Baba. Ndani ya koti yumo Jovin, na mzigo kichwani, na miguuni ana raba za kuchezea mpira, hana soksi, amesimama ndani ya theluji anacheka.

Mama yule akaweka kidole juu yake. Alisema, huyu ndiye aliyebeba begi langu, kijana mzuri mno, aliimba njia nzima. Akaniuliza, unamfahamu?

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa na soseji mkononi, nimevaa buti zenye manyoya ndani na soksi mbili za sufu alizonifumia mama mwenye nyumba, nimekaa kwenye barafu kwa starehe yangu. Nikamkana mdogo wangu mbele ya watu wanaokula. Nikamrudishia picha, nikasema nina baridi, nikaenda chumbani nikavua soksi zile.

Sasa nijibu. Ameacha shule lini? Nani alimruhusu? "Mabega yamepanuka," uliniandikia. "Ana afya na anakula vizuri." Kila neno uliloniandikia lilikuwa kweli, na barua zako zote zilikuwa uongo. Wewe unayekwenda misa kila siku. Ulikuwapo siku ile Baba aliposhika mkono wangu. Niliondoka nikamwacha kwako, si kwa mtu mwingine. Kama kahawa ilipoanguka mlikosa pesa za shule, kwa nini hukusema? Ningerudi. Ningerudi siku ileile, ningebeba mimi hayo mabegi, mimi ndiye mkubwa.

Mwondoe mlimani. Sitaki maelezo, sitaki salamu. Nataka barua kutoka kwa Jovin mwenyewe, kwa mwandiko wake, iliyoandikwa akiwa darasani.

Thadeus

*

Kilema
27 Aprili 1998

Mwanangu Thadeus,

Nakusalimu, na leo usinipe shikamoo ukiisoma hii, sistahili.

Jovin yu hai. Nimeliandika hilo kwanza ili usome mengine ukiwa unapumua.

Aliacha shule Oktoba, buni zilipoanguka. Hakuniuliza. Alinywa chai asubuhi, akavaa koti la baba yenu, akarudi baada ya siku sita akaweka sukari na mafuta ya taa mezani. Nilimfukuza kwa fimbo mpaka kwa Mama Evelyn. Safari ya pili nilimfukuza mpaka mgombani. Safari ya tatu sikumfukuza, Thadeus. Nilimfungia chakula cha njiani. Na sikukuandikia kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja mwenyewe, kwamba ungerudi. Nilijiambia mmoja akishuka kimasomo mwingine lazima apande. Kila ulipoandika habari za ziwa lako niliona si miguu yako bali ya yule wa juu mlimani. Ndiyo maana nilikukataza. Sikuweza kusoma baridi ya wawili kwa macho haya mawili.

Barua yako ya Machi ilifika Jumatano baada ya Pasaka. Jovin alikuwa ameondoka Jumatatu na wageni. Niliisoma nikiwa nimesimama pale ofisi ya parokia, nikaondoka nayo mkononi bila kuaga, nikatembea mpaka getini Marangu na kanga ya nyumbani. Waliniambia kundi lao limeshapita Horombo na huko juu theluji inaanguka. Nikarudi. Nilijiapiza akishuka sitamwachia tena, hata kama ni kumfunga kamba.

Alishuka Jumamosi, saa tisa alasiri. Alikuja na fimbo, anacheka, anatembea kama mtu aliyekanyaga miiba. Kibo walinyeshewa theluji siku nzima, mgeni wao mmoja alizidiwa, wakamsubiri nje kwa muda mrefu na raba zikiwa zimelowa. Nikamvua. Miguu ilikuwa imevimba, ya kijivujivu, vidole vyeupe na vingine vya buluu, baridi kama jiwe la mferejini. Nikamuuliza vinauma? Akasema, Shangazi, sisikii kitu kabisa, mimi mzima.

Nilifanya kile alichofanya mama yangu, na mama yake, mtu akirudi na baridi. Nilichochea moto. Nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya mafiga, nikampaka mafuta ya kondoo miguuni mpaka vifundoni, nikamwinulia miguu kwenye gogo ielekee moto. Akasema, sogeza, bado sisikii. Nikasogeza. Akasema sogeza tena. Nikasogeza tena, nikamwona mtoto anaota moto vizuri, nikafurahi, nikageuka kumenya ndizi za mtori. Alikuwa ananisimulia habari za yule mgeni aliyezidiwa, jinsi alivyolia akimtaja mbwa wake, na mimi nilikuwa nacheka.

Nikasikia harufu. Nilidhani mafuta yamedondokea kuni. Nikaendelea kumenya. Ndizi mbili zaidi, Thadeus, nakumbuka. Halafu nikageuka.

Yeye alikuwa bado anasimulia. Alikuwa hajui.

Nilipiga kelele ambazo watu wa Kirua wangezisikia. Alitazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine. Tulimbeba na wana wa Mama Evelyn mpaka hospitalini. Daktari hakunifokea. Alisema baridi ilikuwa imeumiza, lakini pengine vidole vingepona, moto ndio uliovichukua. Wamekata vitatu vya mguu wa kushoto. Wa kulia una vidonda vya moto lakini utabaki. Atatembea. Kukimbia, tutaona.

Niliporudi nyumbani kuchukua shuka nilifungua sanduku nikatoa barua yako ya Februari. "Ambacho kwetu tungekifanya kinyume kabisa. Nitakueleza ukitaka." Nimeisoma mpaka karatasi imechoka. Mwanangu, uliniuliza kama nataka, na mimi nikakujibu sitaki.

Jumapili nilikata jani la isale la kuombea msamaha mpakani mwa kihamba chetu, nikampelekea Jovin wodini. Nilipiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Alianza kutania, kwamba mzee hapigi magoti mbele ya kijana, kisha akalipokea, akaliweka chini ya mto wake. Jani la pili nimelikunja ndani ya bahasha hii. Ni lako. Nimekudanganya miezi sita na nimemuunguza mdogo wako kwa mikono yangu mwenyewe. Kwetu isale halikataliwi, lakini wewe uko mbali na unaweza kulikataa, sitakulaumu.

Usirudi. Hilo nakuomba kuliko msamaha. Mkuu wa shule amekubali kumpokea Jovin akitoka hospitalini, na mwenyewe amekubali pia, maana sasa amepata muda wa kufikiri akiwa amelala.

Na jambo la mwisho. Vijana wa vijiji hivi wote wanapanda. Wana wa Mama Evelyn, wote wawili, wanapanda wiki ijayo na raba zilezile. Hakuna mama hapa asiye na mafiga na mafuta ya kondoo. Paroko amekubali nisimame baada ya misa ya pili nizungumze. Sina la kuzungumza. Najua tu nilichokosea, sijui kilicho sawa. Niandikie alichokufanyia yule mzee. Niandikie kila kitu.

Shangazi yako,
Mektrida

*

Kuopio
17 Mei 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unastahili, na nitakupa mpaka nife.

Isale limefika limekauka, lakini bado ni la kijani. Nimelipokea. Sikujua mtu anaweza kulia mbele ya tarishi, ila sasa najua. Hukukosea peke yako. Tangu Januari nilijua cha kufanya na mguu uliokufa ganzi. Uliponikataza nilikasirika nikanyamaza, nikaita kunyamaza kule utii. Halafu nikamwona Jovin kwenye theluji na raba, nikakaa nikakuandikia barua ya hasira, na katika barua nzima sikukuandikia hata mstari mmoja kuhusu miguu. Mimi, bwana afya. Nilitaka uumie kwanza. Hilo nakiri kwako, na nitalikiri kwa Jovin.

Nilikwenda kwa yule muuza maua nikamwambia kijana wa kwenye picha ni mdogo wangu, na nikamwambia lililompata. Alikaa chini kwenye sakafu ya duka lake.

Barafu ya ziwa imeyeyuka. Sirudi kabla ya kumaliza, kama ulivyoomba. Mwambie Jovin namsubiri aniandikie, hata matusi.

Ukurasa unaofuata ni wa kusoma kanisani. Soma polepole, soma na kwa Kichagga.

Mwanao,
Thadeus


Akina mama na akina baba wa Kilema. Kijana akishuka na miguu baridi isiyosikia kitu, mvueni viatu na soksi zilizolowa hapo hapo mlangoni. Msimsugue, msimpake mafuta ya aina yoyote. Msimtembeze tena. Fungueni nguo zenu, mziweke nyayo zake tumboni kwa mtu mwenye joto, kama mnavyomlaza mtoto mchanga. Yule mzee wa huku alinifanyia hivyo juu ya barafu, tumboni kwake mwenyewe, bila aibu. Mkiwa na maji, yawe ya uvuguvugu ambao kiwiko chako kinauvumilia bila shida. Mkitumia kiwiko, kiwe chako wewe, si cha kwake. Vidole vitamuuma sana vikianza kurudi, atalia, na huko kulia ni dalili njema. Vifungeni kwa kitambaa kisafi kikavu, mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Wala msimweke karibu na moto. Mguu wake hausikii, kwa hiyo hawezi kuwaambia unapoungua. Atasema bado ana baridi, atasema sogeza. Msisogeze, hata kama ni yeye anayeomba.